Jinsi Tulivyomhamisha Bi Sara na Mashine ya Korosho

Ninyi vijana mnaokuja hapa Visiga kuniuliza kazi ya kusafirisha mizigo nje inaingiwaje, karibuni, ila naomba mkae chini kwanza. Wengi mnaniuliza mkiwa mmesimama. Mna kadi za biashara zenye picha ya meli, mna fulana zenye jina la kampuni, mna ukurasa mtandaoni umeandikwa "tunafika dunia nzima", na bado hamjawahi kufunga glasi ya chai ikafika Chalinze haijapasuka. Sisemi kwa ubaya, nawasifu. Sisi tulianza na glasi, fulana zikaja baadaye. Labda ndiyo maana tulichelewa kuwa mabosi.

Mimi nilikuwa mkuu wa wafungaji. Kampuni ilikuwa Dar, mimi nikiishi Kibaha. Kazi yangu ilikuwa kuingia nyumbani kwa mtu anayehama nchi, kuyafunga maisha yake kwenye maboksi, kuyapakia kwenye kontena, na kuhakikisha yakifunguliwa upande wa pili yanakuwa maisha yale yale. Inaonekana rahisi. Ndiyo maana kila mtu ana ushauri juu yake.

Aliyenifundisha ni Mzee Pazi. Huyu alikuwa mfungaji ambaye hamtampata tena, maana alikuwa akiambiwa "funga kila kitu" anafunga kila kitu. Kuna mama mmoja alifungua boksi lake huko Ulaya akakuta ndoo ya takataka, na takataka zenyewe, maganda ya ndizi yakiwa yamezungushiwa karatasi laini moja moja. Kuna familia nyingine ilifika uwanja wa ndege ikakuta hati zake za kusafiria hazipo, kwa sababu zilikuwa kwenye droo, na droo ilikuwa kwenye kontena, na kontena lilikuwa limekwisha kufungwa kwa lakiri. Bosi alipomwita, Mzee Pazi alijibu kwa utulivu, "Lakini nilizifunga vizuri." Na ni kweli, zilifika bila kunjo. Tangu siku hiyo akanifundisha kwamba neno la kwanza kumwambia mteja, kabla hata hujavua viatu, ni: hati zako ziko wapi, zitoe, zishike mkononi. Sasa hilo nimewapa bure. Kwenye semina zenu mtatozwa.

Lakini kazi ninayotaka muisikie leo ni ya Daudi, kwa sababu ilikuwa na kila aina ya ujinga unaoweza kuingia kwenye kuhama, na watu wenyewe walikuwa wazuri.

Daudi alikuwa mfanyabiashara wa korosho pale Kibaha. Alikuwa ananunua Masaki, kule Kisarawe kwetu, anazikaanga na kuzifunga kwenye pakiti nyuma ya nyumba yake, anauza. Alikuwa na mke, Raheli, mabinti wawili, na mama yake mzazi, Bi Sara. Walikuwa Wayahudi. Babu yake Daudi alikuja na biashara kutoka Adeni zamani, akaoa, akabaki. Pale mtaani kwetu hakuna aliyelijua hilo. Kwa kuwa walikuwa hawafungui duka Jumamosi, sisi sote tuliamua kwamba ni Wasabato. Na kwa kuwa Ijumaa jioni walikuwa wanawasha mishumaa ya kuikaribisha Sabato yao, jirani yao Mama Zuhura aliamua kwamba umeme wao huwa unaisha kila Ijumaa, na kwa miaka mingi alikuwa akiwahurumia na kuwapelekea taa ya kuchaji. Bi Sara alikuwa anaipokea, anashukuru, na kuirudisha Jumapili. Aliniambia baadaye kwamba kumweleza Mama Zuhura ingekuwa kazi kubwa kuliko kuitunza taa.

Siku moja Daudi akanijia. Familia imeamua kuhamia Israeli. Dada yake alikuwa ametangulia, mabinti wanakua, hakuna Wayahudi wenzao wa kusali nao wala wa kuwaoa, na katika mji wa Beersheba, alisema, watu wanatafuna karanga na mbegu barabarani asubuhi hadi jioni. Angefungua duka la korosho. Angeenda na mashine yake ya kukaangia, iliyotengenezwa na fundi wa kuchomelea pale pale Kibaha.

Habari ilipotoka, kwenye darasa letu la akina mama wa msikitini mmoja akaniuliza kwa nini nawasaidia watu wanaokwenda nchi ile, na habari tunazozisikia kila siku kwenye redio. Nikamwambia mimi nafunga vyombo. Mkataba wa amani wanafunga wengine, na hata wao naona unawashinda. Tukaendelea na darasa.

Tatizo la Daudi halikuwa redio. Tatizo lilikuwa Gidioni, shemeji yake, mume wa yule dada aliyetangulia. Gidioni alikuwa amekaa Israeli miezi michache, kwa hiyo alikuwa amebobea. Kila siku alituma ujumbe wa sauti, mrefu kama hotuba ya bajeti, na Daudi alikuwa ananiwekea niusikilize huku tumekaa barazani.

"Shemeji, usisumbuke," Gidioni alisema kwenye ule wa kwanza. "Kontena lije sasa hivi, ninyi mtafuata. Weka kila kitu humo humo, na mashine, na magunia ya korosho mbichi ya kuanzia. Andika vyombo vya nyumbani. Mhamiaji mpya huku hasumbuliwi."

Daudi akanitazama kwa furaha. "Umesikia, Bi Mwajuma?"

"Nimesikia. Yeye kontena lake lilipita hivyo?"

"Yeye alikwenda na begi."

Nikamwambia sawa, tumpe heshima yake ya begi.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo kazi ilipo. Myahudi anayehamia kule anapewa nafasi ya kuingiza vyombo vyake kwa nafuu ya ushuru, lakini anapewa akiwa amekwisha kukubaliwa kuwa mhamiaji, siyo akiwa amejikubali mwenyewe. Kwa hiyo kwanza ni kibali, kisha tiketi za watu, mwisho ndiyo kontena. Ukitanguliza kontena, litakaa bandarini likimsubiri mwenyewe, na bandari hailazi mgeni bure. Pili, kitanda ni kitanda na mashine ya biashara ni mashine ya biashara. Hata kama vinakaa kontena moja, kila kimoja kina karatasi zake, na ya mashine inataka maelezo ya kazi yake, umeme inaotumia, na nani aliitengeneza. Tatu, kreti la mbao liwe la mbao zilizopitishwa kwenye joto na kugongwa muhuri, maana wadudu wa kwetu nao wanapenda kusafiri. Nne, korosho mbichi ni mazao. Mazao yana ukaguzi wake wa afya ya mimea hapa na kibali chake cha kuingizia kule. Hayalali ndani ya kabati.

Nilimweleza Daudi yote haya taratibu. Alinisikiliza kwa adabu sana, kisha akaenda kumuuliza Gidioni.

Tulivutana hivyo mpaka kibali kilipotoka. Daudi hakutanguliza kontena, lakini msinisifu mimi. Meli aliyoitaka ilikuwa imejaa. Kibali chenyewe kilimtegemea Bi Sara, kwa kuwa ukoo uliangaliwa kwake na kwa marehemu mumewe, Mzee Yakobo. Bi Sara aliitwa kuhojiwa, akaenda, akajibu yote vizuri. Walipomuuliza kama amefurahi kuhama, alisema, "Tutaona." Daudi alilichukulia kuwa ni ndiyo. Wanaume wengi wanalisikia hivyo.

Siku ya kufunga nikaja na vijana wangu. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akasema marahaba, akavuta kiti katikati ya jikoni, akakaa, akatutazama kama mtu anayetazama wezi wenye kibali.

Jikoni kwake kulikuwa na sufuria za aina mbili. Nyingine za nyama, nyingine za maziwa, na kwa dini yao hazichanganywi kamwe. Zote zilikuwa za duka moja, kwa hiyo alikuwa amezipaka alama ya rangi kwenye vishikio, nyekundu na buluu. Nilikuwa na kijana mmoja hodari anaitwa Hamisi. Tatizo la kijana hodari ni kwamba hasubiri kuambiwa. Nilipotoka nje kupokea maboksi, Hamisi alichukua steli waya akazisugua sufuria zote, ndani na nje na vishikio, zikang'aa kama kioo. Akaniita nije nione.

Nilikuja nikaona. Bi Sara naye alikuwa anaona. Hakusema neno muda wote Hamisi akisugua, aliniambia baadaye, kwa sababu alitaka kujua mtu anaweza kufika wapi.

"Mama, samahani sana," nikamwambia.

"Hajui," alisema. Akaanza kuziinua moja moja, anazigeuza, anatafuta mbonyeo na doa analolikumbuka. Baadhi alizitambua. Zilizobaki akazisukuma upande wa Hamisi. "Chukua, mpelekee mama yako. Wewe kwako hazina tofauti."

Hamisi akazichukua. Mpaka leo mama yake ananiuliza kama kuna Myahudi mwingine anayehama.

Jioni tukaondoka tukiwa tumekwisha kufunga chumba cha Bi Sara. Asubuhi tukarudi, tukakuta kitanda kimetandikwa, nguo ziko kabatini, na maboksi yamekunjwa vizuri yameegemezwa ukutani. Nikadhani ni wajukuu. Tukafunga tena. Kesho yake tukakuta vile vile, na safari hii hata karatasi laini zilikuwa zimenyooshwa kwa mkono na kupangwa. Raheli akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mama anafungua mwenyewe baada ya chakula. Daudi alikuwa amekwisha kumweleza mara nyingi jinsi Beersheba kulivyo kuzuri, na akamwekea na ujumbe wa Gidioni.

"Labda huo ndio uliomaliza kabisa," nikasema.

Nikaingia kwa Bi Sara, nikafunga mlango. Nilimwambia, "Mama, mimi nalipwa hata ukifungua kila siku. Ila vijana wangu wataanza kusahau kazi nyingine."

Akacheka kidogo. Kisha akauliza, "Wewe si wa Masaki?"

"Kwetu ni pale pale."

"Unamjua Kibwana?"

Nani asiyemjua Mzee Kibwana. Ni mkulima wa mikorosho na mchoma mkaa, na ndiye aliyelinunua shamba la Daudi la Masaki. Daudi aliliuza ili apate mtaji wa duka. Na ndani ya shamba hilo, Bi Sara akaniambia, amezikwa Mzee Yakobo. Alipofariki hakukuwa na makaburi ya Wayahudi mahali popote karibu, wakamlaza penye ardhi yake. Daudi alipouza, alichora ramani, akasaini, akarudi nyumbani akala. Kaburi halikutajwa.

"Nipeleke," alisema.

Mimi nikadhani nimeshaelewa. Nimewahi kufunga wateja wengi, najua wanavyoficha udongo kwenye kopo la kahawa. Nikamtahadharisha kwamba udongo hauruhusiwi kuingia kule hata kijiko.

Akanitazama. "Nani kakuambia nataka udongo? Udongo nitaupeleka wapi? Nataka mpaka."

Tukaenda. Jirani alitupeleka na gari lake mpaka Kisarawe mjini, na kutoka pale tukachukua bodaboda mbili. Bi Sara alikaa upande, mkoba mapajani, akimwamuru dereva apunguze mwendo mpaka yule kijana akawa anakaribia kusukuma pikipiki kwa miguu. Tulimkuta Mzee Kibwana kwake anapanga magunia ya mkaa. Aliinuka, akajifuta mikono, akatupokea vizuri, akaagiza maji ya kunywa. Alimwita Bi Sara shemeji, maana yeye na Mzee Yakobo walikuwa marafiki.

"Shemeji Kibwana," Bi Sara alisema, "umenunua shamba na mume wangu yumo."

"Najua. Nilikuwepo tulipomweka."

"Daudi alikwambia nini?"

"Hakusema kitu. Na mimi sikusema. Nilidhani ninyi mmeshakubaliana."

"Utakata mikorosho?"

Mzee Kibwana alisema ukweli, na mimi nilimheshimu kwa hilo. Mikorosho ya upande ule ni mizee, haizai, na alikuwa amepanga kuikata achome mkaa, kisha apande mihogo. Hakutaka kumwahidi mama wa watu kitu halafu amgeuke akishapanda ndege.

Bi Sara akasema, "Kata. Mimi sikuja kuombea mikorosho." Akaomba wakapime. Tukaenda wote watatu mpaka penyewe, na pale wakabishana kama watu sokoni, hatua hii ni ya kwako, hatua hii ni ya marehemu, Mzee Kibwana akidai Yakobo hakuwa mtu mrefu kiasi hicho. Mwisho walikubaliana kipande chenye nafasi ya makaburi mawili.

"La pili la nani?" Mzee Kibwana akauliza.

"Uliza swali jingine," alisema Bi Sara.

Mwenyekiti wa kijiji akaitwa, akashuhudia, ikaandikwa. Mzee Kibwana akasema hapo hapatalimwa wala kuchomwa mkaa akiwa hai, na amewaambia wanawe. Bi Sara akamshukuru. Halafu akakaa chini kwenye majani kavu, akalia, na sisi tukasogea pembeni tukamwacha. Nilimjua mama yule kwa siku nyingi na sikuwahi kumwona akilia kabla ya hapo wala baada yake.

Tuliporudi Kibaha, Daudi alikuwa mlangoni, ameshapiga simu mpaka hospitali.

"Mama, ulikuwa wapi?"

"Kwa baba yako."

Alielewa. Akakaa kwenye boksi lililoandikwa vitu vya kuvunjika. Mngekuwa ninyi mngemwambia ainuke. Mimi nilimwacha akae.

"Mbona hukuniambia, mama, kabla sijauza?"

"Hukuniuliza. Ulimuuliza Gidioni."

Yale maneno yalimwingia. Kwa mara ya kwanza tangu kazi ile ianze, jioni hiyo hakuna ujumbe wa sauti uliochezwa. Daudi alikwenda chumbani kwa mama yake, wakaongea mlango umefungwa, na waliyoongea sijui, maana si kila kitu ni cha wafungaji. Asubuhi yake tulikuta Bi Sara amekwisha kufunga chumba chake chote mwenyewe. Alikuwa amefunga vizuri kuliko Hamisi. Siku zile za kufungua hazikuwa za bure, alikuwa anasoma.

Mngesema sasa mambo yameisha. Siku ya kupakia, tumekwisha kuingiza mashine ndani ya kreti lake lenye muhuri, tunabeba kabati la Raheli. Kabati lililofungwa tupu lina uzito wake, na hili lilikuwa na uzito wa watu wawili walionona. Nikasema liwekwe chini, lifunguliwe. Ndani, nyuma ya mashuka, kulikuwa na magunia ya korosho mbichi.

Daudi akasogea. "Bi Mwajuma, ni za kuanzia tu. Duka bila korosho ni duka gani?"

"Ni duka linalosubiri. Na kontena lililozuiwa kwa ajili ya wadudu ni kontena gani? Mashine yako itakaa, kitanda cha mama yako kitakaa, na wewe utaanza maisha mapya unaitwa mdanganyifu. Sifungi mlango huu."

"Gidioni anasema hawafungui makabati."

Nikamwambia basi Gidioni aje aweke lakiri. Kijana wa lori akaanza kutazama saa. Daudi naye alikuwa ameshika mlango wa kabati kama mtu aliyeshika mlango wa nyumba yake, na nikaona kwamba yale magunia hayakuwa ujanja wa Gidioni peke yake. Yule bwana alikuwa anaogopa. Alikuwa ameuza shamba, amefunga duka, na korosho ndicho kitu pekee maishani alichokuwa na uhakika anakijua.

Bi Sara akatoka ndani. Akatazama kabati, akamtazama mwanawe. "Toa, Daudi," alisema kwa upole. "Ulianza na kikaango kimoja. Nilikuwepo."

Daudi akayatoa mwenyewe, moja baada ya jingine. Gunia moja lilikaangwa uani jioni ile kwa mkaa, mtaa mzima ukala, na Mama Zuhura ndipo akaambiwa siri ya mishumaa. Alinuna kidogo kwamba taa yake haikuwa na kazi miaka yote ile, kisha akala. Mengine yakauzwa.

Walifika salama. Vyombo vya nyumbani vilitolewa bandarini bila shida. Mashine ilichelewa, wakaiuliza maswali mengi ya umeme na usalama, na fundi wa Kibaha ilibidi apigwe picha akiwa na kazi zake, akavaa suti. Mwishowe ikaachiwa. Daudi sasa ana duka dogo Beersheba, ananunua korosho kwa mwagizaji mwenye kibali, na anasema biashara inakwenda polepole lakini inakwenda. Gidioni ameajiriwa humo. Anashughulika na ushauri kwa wateja.

Neno langu la mwisho kwenu ni hili: mteja akipiga simu baada ya mzigo kufika, pokeeni. Hakuna atakayewalipa kwa hilo, kwa hiyo najua hamtafanya. Bi Sara hunipigia. Analalamika kwamba wanamwita mhamiaji mpya, na uzee wote ule, na kwamba anasomeshwa lugha na mwalimu mwenye umri wa mjukuu wake, anayempa kazi ya nyumbani na kumkosoa kwa kalamu nyekundu. Juzi alipomaliza kumsema mwalimu, akaniuliza kama mvua imenyesha.

"Imenyesha tangu jana," nikamwambia.

"Na Masaki?"

"Masaki pia."

"Basi maua ya mikorosho yatapukutika. Mwambie Kibwana afunike mkaa wake."

"Nitamwambia. Na huko kwenu je, mvua ipo?"



"Huku sijui," alisema. "Sijachungulia."